Msitujengee Programu Nyingine, Tuanze na Daftari

Kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo maneno yetu mengine yanawahusu ninyi moja kwa moja.

Tunataka kuongea biashara. Siyo ile ya kwenye karatasi za mradi, bali ile ya kila siku: mtu ana kitu, mwingine anakitaka, na wote wawili wanaogopana.

Wazee wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni Base Camp methali hiyo ni kweli tupu. Unashika kitenge, unakisugua uone kama rangi inatoka. Unanusa samaki. Unawasha simu, unapiga, unasikiliza. Lakini mtandaoni methali hiyo inapinduka. Kwenye picha, simu nzima na simu iliyozama majini zinang'aa sawasawa. Hapo chema hakijiuzi tena, maana hakuna anayeweza kukitambua. Mnunuzi akishaogopa, anatoa bei ya kibaya kwa kila kitu. Mwenye kitu kizuri anaona hiyo ni hasara, anajitoa. Wanaobaki ni wenye vibaya peke yao. Hivyo ndivyo magrupu yetu mengi ya kuuza kwenye WhatsApp yanavyokufa. Mwezi wa kwanza watu wanachangamka, wa pili mtu mmoja anatuma pesa na muuzaji anazima laini, wa tatu grupu linabaki la mahubiri na matangazo ya misiba.

Kila linapokufa, jibu tunaloletewa ni lilelile: "Tutawajengea programu." Sisi tunasema hapana. Tatizo letu halijawahi kuwa programu. Na ili tusionekane kama tunapinga tu, tumeamua kuangalia soko lililofaulu kuwafanya watu wasiojuana kabisa wauziane vitu kwa mamilioni: mnada wa mtandaoni wa Marekani unaoitwa eBay. Tuone ulianzaje, unakulaje, ulikua vipi, na ulianguka wapi.

Kalamu mbovu ya dola 14.83

Mwaka 1995 kijana mtengeneza programu, Pierre Omidyar, alikuwa anaishi California. Alizaliwa Paris, wazazi wake ni Wairani, akahamia Marekani akiwa mtoto. Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo alifungua ukurasa aliouita AuctionWeb. Kati ya vitu vya kwanza kabisa kuuzwa pale ni kalamu ya leza, ile ya kuonyeshea ubaoni, tena imeharibika. Ilikwenda kwa dola 14.83. Omidyar akamuuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba ni mbovu. Jamaa akajibu kwamba yeye anakusanya kalamu za leza zilizoharibika.

Angalieni hapo. Mtu mmoja ana kitu ambacho majirani zake wote wangekitupa. Mahali pengine, mbali, kuna mtu mmoja anayekitafuta. Kazi ya mnada wa mtandaoni ni kuwakutanisha hao wawili na kuwaacha wapangane bei wenyewe. Ndiyo maana mnada ulifaa kuliko duka: nani angejua bei halali ya kalamu mbovu?

Kumbe kuna hadithi nyingine tamu zaidi iliyozunguka dunia, kwamba Omidyar alianzisha soko lile ili mchumba wake apate kubadilishana vidude vya pipi za Pez. Baadaye ikajulikana kwamba hadithi hiyo ilitungwa mwaka 1997 na mtu wa mawasiliano wa kampuni, kwa sababu waandishi wa habari hawakuvutiwa na ile ya kweli. Tunalitaja hili kwa upendo kwa ndugu zetu wa mashirika wanaokuja na kamera kutafuta hadithi za mafanikio. Hadithi tamu inaleta wageni. Kinachoendesha soko ni kitu kingine.

Bahasha za sarafu

Kampuni haikuwa na ghala. Haikuwa na bidhaa hata moja. Haikuwa na lori. Kilichomlazimisha Omidyar kuanza kutoza pesa ni bili: wageni waliongezeka mpaka gharama yake ya intaneti ikapandishwa kutoka dola 30 kwa mwezi hadi dola 250. Akawaambia wauzaji wamlipe asilimia kidogo ya kile walichouza. Mnunuzi halipi chochote. Muuzaji naye analipa akishauza.

Hakuwa na polisi wa kuwafuata. Lakini bahasha zikaanza kuingia kwa posta, nyingine zina hundi, nyingine zina sarafu zilizobandikwa kwenye karatasi. Kufikia Juni 1996 mapato ya mwezi yalikuwa yamepita dola 10,000, akaacha kazi ya kuajiriwa. Mwaka 1997 soko likapewa jina la eBay. Septemba 1998 hisa zake zilianza kuuzwa kwa dola 18, na jioni ya siku hiyohiyo zilikuwa zimepita dola 47.

Hapa kuna somo la kwanza. Soko lilikula kutoka kwa biashara yenyewe. Watu wakiuza, soko linapata. Watu wasipouza, soko linalala njaa, kwa hiyo linalazimika kujua kwa nini hawauzi. Sasa fikirieni programu tunazojengewa sisi. Zinakula kutoka kwa mfadhili. Tukiuza au tusipouze, ripoti inaandikwa, picha inapigwa, na mradi ukifika mwisho, sava inazimwa. Shirika moja lilituletea soko la simu lenye rangi nzuri na nembo tatu chini. Lilikuwa na kila kitu, isipokuwa mtu wa kumpigia simu ukitapeliwa. Mradi uliisha, na soko likaisha siku ileile.

Kitu chenyewe ni kumbukumbu

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Katika siku zile za mwanzo malalamiko yalikuwa yanamwangukia Omidyar peke yake. Huyu kasema kadanganywa, yule kasema hajalipwa. Februari 1996 akafungua ubao wa wazi. Ukimaliza biashara na mtu, unaandika hadharani kama ilikwenda vizuri au vibaya. Sifa inahesabiwa moja juu, lawama moja chini. Idadi inakaa kando ya jina lako na kila mtu anaiona.

Ndiyo hivyo tu. Hakuna mashine ya ajabu hapo. Ni daftari lililofunguliwa mbele ya watu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uaminifu ni hivyohivyo. Kijijini daftari la uaminifu liko vichwani mwa watu: huyu ni mtoto wa fulani, baba yake hakuwahi kula deni. Sisi tuliokimbia tuliacha daftari hilo nyuma. Hapa kambini hakuna anayejua kwamba mama fulani aliuza unga Uvira miaka mingi bila kupunja kipimo hata siku moja. Amefika na watoto na kibegi. Sifa yake haikupita mpakani.

Je, kumbukumbu ya namna hiyo ina thamani ya pesa? Watafiti wa Marekani waliipima. Utafiti wao ulitoka mwaka 2006. Walimchukua muuzaji wa eBay wa kadi za posta za zamani aliyekuwa na sifa nyingi, wakauza kadi zinazofanana: nyingine kwa jina lake, nyingine kwa majina mapya yasiyo na historia. Muuzaji ni yuleyule, kadi ni za aina ileile. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8.1 zaidi kwa lile jina lenye sifa. Hiyo ni pesa inayolipwa kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Na sisi tunaona kuna jambo kubwa kuliko hiyo asilimia nane. Mahali pasipo na daftari, watu hawaachi kuaminiana. Wanaaminiana kwa lugha na kabila. Mkongo ananunua kwa Mkongo, Mrundi kwa Mrundi, Msomali kwa Msomali, na aliyefika juzi asiye na ndugu hanunuliwi na mtu. Si lazima iwe chuki. Mtu anatafuta dhamana, na dhamana pekee aliyo nayo ni "huyu ni wa kwetu". Daftari linampa dhamana nyingine: "huyu ameuza mara kumi na mbili na wote kumi na wawili wameridhika." Kambi kama Nakivale, yenye watu kutoka nchi hizi zote, inahitaji sana dhamana ya namna hiyo.

Mnada unaofaa watu wasio na bando

Kuna jambo lingine la eBay ambalo wengi hawalijui, na linatufaa sisi kuliko linavyowafaa watu wa California.

Mnada wetu kwenye WhatsApp mnaujua. Mtu anaweka picha ya sola, watu wanataja dau: 60,000, 65,000, 70,000. Saa mbili usiku admini anafunga. Anayeshinda ni nani? Mara nyingi ni yule aliye na bando na mtandao dakika ile ya mwisho. Mama aliyeenda shamba na simu imezima anaamka asubuhi anakuta amepitwa kwa shilingi elfu moja, na angeweza kuiongeza.

Kwenye eBay unaweza kuandika mara moja tu kiwango chako cha mwisho, na wengine hawakioni. Mashine inakupandishia dau kidogokidogo pale tu mwingine anapokupita. Tuseme kiwango chako ni 100,000, na mshindani wako mkubwa kiwango chake ni 80,000, na hatua ya kupanda ni 2,000. Utashinda kwa 82,000. Hulipi 100,000. Unalipa juu kidogo tu ya yule wa pili. Kwa hiyo huna sababu ya kukaa macho, wala huna sababu ya kuficha kiwango chako cha kweli. Unaandika, unakwenda shamba.

Hata huko wapo wanaovizia sekunde za mwisho, kwa sababu saa ya kufunga haisogei. Lakini aliyeandika kiwango chake cha kweli mapema haumizwi sana na mviziaji. Akipitwa, amepitwa na mtu aliyekuwa tayari kutoa zaidi yake.

Hili halihitaji programu. Linahitaji admini anayepokea viwango kwa siri kabla ya saa ya kufunga, na kanuni mbili. Ya kwanza, admini wa wiki hiyo haruhusiwi kuuza wala kununua. Ya pili, baada ya kufunga, viwango vyote vinawekwa wazi kwenye grupu bila kufichwa hata kimoja. Bila kanuni hizo, admini anayejua kiwango chako anaweza kumnong'oneza muuzaji, na muuzaji akamtuma rafiki yake apandishe dau la uongo. eBay yenyewe inakataza mchezo huo.

Tusisahau pia kwamba mnada si dawa ya kila kitu. Mwaka 2000 eBay iliongeza kitufe cha kununua palepale kwa bei iliyotajwa, na leo sehemu kubwa ya mauzo yake ni ya bei iliyopangwa. Mnada unafaa kitu ambacho bei yake haijulikani: cherehani iliyotumika, sola ya mtu anayesafiri, redio ya zamani. Sabuni na mchele vina bei yake. Msimpigie mtu mnada wa sabuni.

Walipoanguka

Kama eBay ilikuwa na daftari na mnada mzuri, mbona ilishindwa China? Iliingia kwa nguvu, ikanunua soko la huko lililoitwa EachNet, na mwaka 2003 likawa lake lote. Mwaka huohuo Alibaba ikafungua Taobao. Kufikia mwisho wa 2006 eBay ilikuwa inafunga tovuti yake kuu kule na kujishika kwa mshirika wa nyumbani.

Sababu ni kadhaa, tunataja tatu. Taobao haikutoza wauzaji ada ya kuweka bidhaa. Taobao iliwaruhusu mnunuzi na muuzaji kuongea moja kwa moja kwa ujumbe, waulizane, wapatane. eBay ilihofia watu wakiongea watamalizana nje ya soko na kuikimbia kamisheni. Tatu, Taobao ilileta Alipay, ambapo pesa ya mnunuzi inashikwa katikati mpaka athibitishe kwamba mzigo umefika salama.

Hizo mbili za mwisho ni sisi kabisa. Nani kati yetu ananunua bila kuongea? Kuuliza bei ni salamu. Na nani kati yetu anatuma pesa kwanza kwa mtu asiyemjua? Kwetu kushika pesa katikati kuna jina la zamani: amana. Unampa mtu wa kuaminika ashike, mzigo ukionekana anaachia.

Kuhusu ile ya bure, tuwe waangalifu. Alibaba ilikuwa na mtaji wa kuchoma miaka. Bure ina mwenyewe, na mwenyewe akichoka, bure inaisha. Tumeona hata huku kwetu Afrika Mashariki kampuni kubwa zenye pesa zikifunga virago: Jumia iliondoka Tanzania Novemba 2019, na mwaka huohuo OLX iliuza shughuli zake za Kenya, Uganda na Tanzania kwa Jiji. Kama wenye mitaji hiyo wanachoka, mradi wa miezi kumi na minane utachoka haraka zaidi.

Tunachoomba, na tunachojitolea

Kwanza, daftari. Kila biashara inayomalizika kwenye grupu inaandikwa: jina la soko la muuzaji, jina la soko la mnunuzi, kitu, tarehe, ameridhika au hakuridhika. Anayeruhusiwa kuandika ni yule tu aliyefanya biashara ile. Hatutaki mtu aje kumchafua jirani kwa ugomvi wa maji bombani, wala kwa kabila lake.

Tumechukua hapo somo lingine la eBay. Zamani muuzaji na mnunuzi waliweza kulipizana: ukinipa lawama, nami nakupa lawama. Watu wakaogopa kusema ukweli, kila mtu akawa na sifa tupu. Mwaka 2008 eBay ikawaondolea wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya. Wauzaji walilalamika sana, na malalamiko yao yalikuwa na maana, maana wapo wanunuzi wakorofi. Sisi tunapendekeza njia ya katikati: wote wawili wanampa admini maoni yao kwa siri, na yanatangazwa kwa pamoja siku moja. Hakuna anayesubiri kuona cha mwenzake.

Pili, amana. Mawakala wa pesa za simu na wenye maduka ambao watu wanawajua tayari wanaweza kushika pesa mpaka mnunuzi aone kitu, kwa ada ndogo inayotajwa mapema. Hii inatatua shida moja inayotuumiza kimyakimya. Wengi wetu tunatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu ya mambo ya karatasi. Mnunuzi anataka kutuma pesa kwa muuzaji anayejulikana kama Furaha, kwenye skrini linatokea jina la mwanaume asiyemjua. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Furaha si mwizi, ila amepoteza mteja. Hapa ndipo mashirika mna nguvu kuliko sisi. Msituletee programu, kaeni na kampuni za simu na serikali mpaka karatasi yetu ya ukimbizi itoshe kusajili laini bila mzunguko, kila mahali tulipo. Siku moja ya mkutano huo inatufaa kuliko mwaka mzima wa semina za ujasiriamali.

Tatu, ada. Muuzaji anatoa kidogo akishauza, hata shilingi mia mbili au mia tano. Pesa hiyo inanunua bando la maadmini na nauli ya kwenda kusuluhisha ugomvi Juru au Rubondo. Hatutaki soko letu lilishwe na mfadhili. Mfadhili akitaka kusaidia, atununulie simu mbili imara na daftari nene, kisha atuache tufanye makosa yetu wenyewe.

Nne, na hili ndilo tunaloona ni kubwa: daftari liwe letu. Kwenye eBay sifa uliyoijenga miaka ishirini inakaa kwenye mashine za kampuni. Akaunti ikifungwa, umerudi kuwa mgeni. Sisi tunajua maana ya kurudi kuwa mgeni. Tunajua pia ardhi ya mtandao inavyoteleza. Uganda, Julai 2018, ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Iliondolewa mwaka 2021 na kodi ya asilimia 12 kwenye bando ikachukua nafasi yake. Januari mwaka huohuo wa 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ikafungwa. Waliokuwa na wateja wao wote pale walibaki wakiwatafuta. Kwa hiyo daftari letu liandikwe kwa karatasi, nakala mbili, na kila muuzaji apewe ukurasa wake uliotiwa sahihi. Akihamia kambi nyingine aende nao. Akipanda ndege ya IOM aende nao. Hata kama kule hautamfaa dukani, utakuwa karatasi moja inayosema alichokifanya, tofauti na zile nyingi zinazosema alichopoteza.

Mnaotuuliza kuhusu usalama

Tunajua ndugu wa ulinzi watasema: orodha ya majina ya wakimbizi ni hatari, wapo wanaotafutwa. Ni kweli, na hatulichukulii kwa mzaha. Ndiyo maana tumeandika "jina la soko". Kwenye eBay watu wanauza kwa majina ya kujitungia. Daftari halihitaji kujua wewe ni wa kabila gani, kesi yako namba ngapi, wala ulikimbia nini. Linahitaji jina moja lisilobadilika na matendo yaliyoandikwa chini yake.

Mtaniuliza, wenzetu: na mwizi akichoma jina na kujitungia jipya? Ile hesabu ya kadi za posta inajibu nusu: jina jipya lina bei yake, litauza kwa chini mpaka lijijenge. Nusu nyingine tunayo sisi tayari kwenye likelemba. Hakuna anayeingia likelemba bila mtu wa kumsimamia. Basi jina jipya liingie na mdhamini mmoja mwenye jina la zamani, na wa zamani akijua kwamba mgeni wake akitapeli, doa linaandikwa kwenye ukurasa wake pia. Kwa aliyefika juzi bila ndugu, kikundi chetu kitamdhamini kwa biashara tatu za kwanza, za vitu vidogo, pesa zikipita kwenye amana.

Wapo pia watakaosema tunajifananisha na kampuni ya mabilioni, na sisi tunauza ndizi na simu za kupasuka kioo. Sawa. Yale mabilioni yalianza na kalamu mbovu moja. Lakini hata kama soko letu halitavuka Isingiro, mama wa Uvira akipata mahali ambapo kipimo chake cha haki kinaandikwa tena, soko limefanya kazi yake.

Tutaanza mwezi ujao kwenye grupu letu, kwa mnada wa kila Jumamosi, vitu visivyozidi kumi, viwango vya siri vikiingia kabla ya saa kumi na mbili jioni. Maadmini wawili wa kwanza tumeshawachagua. Daftari tumeshalinunua, lina kurasa 200. Ambaye ana kitu kizuri akilete, na ambaye ana kibaya akilete pia, mradi aseme ni kibovu. Huenda kuna mtu anakitafuta.